WordPress, Blogger, Wix au Joomla: Ipi Rahisi Kurekebisha kwa Mwenye Duka Asiye Fundi?

Anayetaka tovuti Mombasa leo hakosi wa kumjengea. Anayekosekana ni wa kuirekebisha miezi sita baadaye, wakati fundi ameshahamia kazi nyingine na simu yake haishikwi. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu hauulizi ni programu gani hujenga tovuti nzuri zaidi, kwani mikononi mwa fundi zote hupendeza. Unauliza swali dogo zaidi: mwenye tovuti ambaye hajawahi kuandika msimbo hata mstari mmoja, akiketi peke yake mbele ya kompyuta, ataweza kubadilisha nini, ataona matokeo lini, na akikosea atarudije alikotoka?

Kipimo nilichotumia ni duka moja la leso la Mtaa wa Biashara, ambalo mwenyewe alikuwa na haja tano. Alitaka kubadilisha rangi za tovuti, kuweka picha mpya ya mbele kabla ya Idi, kuandika nambari ya till ya M-Pesa chini ya kila ukurasa, kuifuta ile sentensi ya Kiingereza inayotangaza programu iliyotumika kuijenga tovuti, na kuwa na kurasa za Kiswahili na za Kiingereza. Haja ya tatu na ya nne zinaonekana ndogo kuliko zote, nazo ndizo zilizonifunulia mengi.

Mwenye duka huyo alinisaidia kulieleza tatizo bila kujua. Leso ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayomfanya mteja acheke au anune. Tovuti nayo ina kichwa na mguu wa ukurasa unaojirudia kila mahali, ambao ni pindo. Ina eneo la kati, ambalo ni mji. Na ina maandishi yako, ambayo ni jina. Programu zote humruhusu mgeni kuandika jina, na hapo hakuna tofauti ya kujadili. Tofauti huanza pale mgeni anapotaka kuligusa pindo.

Tuanze na Blogger, kwa kuwa haidai pesa. Ilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na hadi leo humpa mtu tovuti bila kukodi seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti mtandaoni, iwe kwa anwani ya blogspot.com au kwa kikoa alichokinunua mwenyewe. Pindo lake huonekana kwenye ukurasa wa mpangilio kama mchoro wa masanduku: hili la kichwa, hili la pembeni, hili la chini. Mwenye duka alibonyeza sanduku la chini, akaongeza kisanduku cha maandishi, akaandika nambari ya till, na baada ya dakika chache ikawa inaonekana kila ukurasa. Rangi na picha ya mbele hazikumsumbua pia, japokuwa uchaguzi wa rangi unategemea mandhari iliyochaguliwa, yaani ile sura ya tovuti iliyokwisha kupangwa.

Sentensi ya Kiingereza ndiyo iliyotukwamisha. Katika mandhari nyingi za Blogger sanduku lake limefungwa, na kulifungua ni lazima uingie kwenye faili ya mandhari, utafute neno linalosema sanduku limefungwa, ulibadilishe, kisha urudi kulifuta. Kazi yenyewe ni ya neno moja, lakini neno hilo limo ndani ya faili moja ndefu ya alama ambazo mgeni hazisomi. Tatizo la Blogger ni hilo hasa: kati ya masanduku na faili hiyo hapana ngazi, ama uko chini salama au umerushwa juu ya paa. Kinachopunguza hatari ni kwamba hukataa kuhifadhi faili ambayo alama zake hazikufungwa vizuri, na ina kitufe cha kupakua nakala ya mandhari nzima na kuirejesha. Asiyebonyeza kitufe hicho kabla ya kugusa chochote asije akalia. Ama lugha mbili, Blogger haina njia yake. Watu hufungua tovuti mbili na kuziunganisha kwa viungo, na baada ya miezi mitatu moja huwa imesahauliwa.

Wix, kampuni ya Israeli iliyoanza mwaka 2006, imefuata njia nyingine kabisa. Unakishika kitu kwa kipanya na kukiburuta unakotaka, na siku ya kwanza hakuna programu iliyompa mwenye duka furaha kama hii. Aliandika nambari ya till mguuni mara moja ikaenea kurasa zote, akabadilisha rangi, akaweka picha, na hata lugha ya pili ina kifaa chake humo humo. Sentensi ya matangazo, hata hivyo, haiondoki mpaka ulipie, kwa kuwa mpango wa bure hubeba bango la Wix juu ya kila ukurasa pamoja na anwani yenye jina la wixsite.

Shida za Wix huja baadaye, na kwa wafanyabiashara wa mji huu moja ni nzito. Katika kihariri chake cha kawaida, sura ya simu hupangwa kando na sura ya kompyuta. Unachokisogeza upande wa simu hakisogei upande wa kompyuta, na unachopanga kwa uangalifu kwenye kompyuta huenda kikakaa vibaya kwenye simu. Wateja wa leso karibu wote huangalia kwa simu, kwa hiyo kila badiliko ni kazi mara mbili, na mwenye duka asipokumbuka ya pili, wateja wataona picha ya Idi ikiwa imefunika bei. Tena, kiolezo, yaani mpangilio wa mfano, ulichochagua siku ya kwanza hakibadiliki ukishaweka vitu vyako. Ukikichoka, unaanza tovuti upya. Na huwezi kuifunga tovuti yako ukaipeleka kwa mwenye seva mwingine. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amekuruhusu kupaka rangi yoyote uitakayo, lakini siku ya kuhama huondoki na hata kitasa.

Sasa WordPress, ambayo nitakaa nayo zaidi, kwa sababu inatumika katika zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na pia kwa sababu wengi hawajui kwamba ndani yake mna njia mbili zisizofanana. Kabla ya hapo, jina moja linabeba vitu viwili: kuna programu huru inayopatikana wordpress.org, ambayo unaiweka kwenye seva unayoikodi, na kuna huduma ya WordPress.com inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ambako unachoweza kubadilisha hutegemea mpango unaoulipia. Ninayoipima hapa ni ile programu huru.

Ilianza mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipoichukua programu iliyoachwa ya b2 na kuiendeleza. Mandhari ziliingia kwa toleo la 1.5 mwaka 2005, na mpangilio wake ulimpendeza fundi mno: folda moja yenye faili ya kichwa, faili ya mguu, faili ya rangi na nyinginezo, kila moja ikiwa na kazi yake. Ukitaka kubadilisha pindo, unafungua faili ya mguu, unaandika, na tovuti nzima imebadilika. Mpangilio huo, hata hivyo, ulimdhania mgeni kuwa mtu asiyeogopa kufungua faili.

Mwaka 2012 toleo la 3.4 lilileta kirekebishi cha mandhari, ambacho kiliibadilisha hali hiyo. Upande wa kushoto una orodha ya mipangilio. Upande wa kulia una tovuti yako mwenyewe, ikibadilika mbele ya macho yako huku ulimwengu ukiendelea kuiona ya zamani mpaka ubonyeze kitufe cha kuchapisha. Kwa kumfundisha mtu mzima ambaye ana aibu ya kukosea, sijaona njia tulivu kuliko hii. Anajaribu rangi nyekundu, anaona haifai, anafunga bila kuhifadhi, na hakuna aliyejua. Upungufu wake ni kwamba kirekebishi hukuonyesha yale tu ambayo mtengenezaji wa mandhari aliamua kuyaweka. Akiwa mkarimu, utapata nafasi ya kuandika maneno ya mguuni. Akiwa bahili, sentensi ya Kiingereza imo ndani ya faili ya mguu na humwoni wa kumwomba ruhusa. Ukiifungua faili hiyo na kuifuta sentensi, itarudi siku mandhari itakaposasishwa, maana faili mpya hufunika ya zamani. Njia ya haki ni kutengeneza mandhari-mtoto, yaani folda ndogo inayomtaja mzazi wake na kubeba nakala ya faili uliyoibadilisha tu. Ni njia nzuri sana, na sijapata kumwona mwenye duka hata mmoja aliyeifuata peke yake.

Naandika haya nikiwa na deni. Mwaka 2016, kabla ya Idi, niliongeza mistari michache kwenye faili ya kazi za mandhari ya tovuti ya duka hilo hilo, nikiwa ndani ya dashibodi, yaani ukurasa wa kuiendeshea tovuti, nikasahau nukta-mkato moja. Tovuti ikawa nyeupe, na dashibodi nayo ikawa nyeupe, hivyo mlango niliouingilia ukafungwa nikiwa nje. Ilibidi tutafute nywila za seva, ambazo aliyejenga tovuti hakumwachia mwenyewe, na ilipofika saa sita ya usiku ndipo niliporudisha faili ya zamani. Programu imejifunza tangu wakati huo: toleo la 4.9 la mwaka 2017 hukagua msimbo unaouandika kwenye dashibodi na kuukataa ukiwa wa kuangusha tovuti, na toleo la 5.2 la mwaka 2019 humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kosa linapotokea. Hatari ilipungua, lakini woga ulibaki. Miaka mingi baadaye mwenye duka bado alikuwa akiniuliza kabla ya kila kitufe: "Mwanangu, nikigusa hapa haitazimika tena?" Swali hilo sasa ndilo ninalolitumia kupima programu yoyote.

Njia ya pili ya WordPress ni ya bloku, yaani vipande kama aya, picha au kitufe, ambavyo hupangwa kimoja kimoja kujenga ukurasa. Bloku ziliingia kwenye uandishi wa makala kwa toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, na watu walizilalamikia sana. Kisha Januari 2022 toleo la 5.9 likazipeleka kwenye tovuti nzima, pamoja na mandhari ya Twenty Twenty-Two iliyojengwa kwa bloku tupu. Matokeo yake ni kwamba pindo limekuwa kama jina. Unaubonyeza mguu wa ukurasa, unaifuta sentensi ya Kiingereza kama unavyofuta neno lililokosewa katika barua, unaandika nambari ya till, unahifadhi, basi. Rangi na herufi zote zimewekwa mahali pamoja penye jina la mitindo, na mandhari nyingine huja na mitindo kadhaa iliyokwisha kupangwa, unachagua mmoja na tovuti nzima inavaa upya. Mabadiliko yako hayaandikwi kwenye faili za mandhari bali kwenye hifadhidata, kwa hiyo kusasisha mandhari hakuyafuti, na kila kiolezo ulichokivuruga kina amri ya kukirudisha kama kilivyokuja. Tangu toleo la 6.3 la mwaka 2023, mitindo nayo ina historia, hivyo unaweza kurudi kwenye rangi za juzi. Kwa swali la mwenye duka, hili ndilo jibu bora nililolipata: ukigusa, haizimiki, na ukiharibu, inarudi.

Lakini uwazi huo una bei. Mgeni hajui daima kama anahariri ukurasa huu mmoja au kiolezo kinachotumiwa na kurasa zote. Mwenye duka aliona kichwa cha habari cha ukurasa wa mawasiliano hakimpendezi, akakifuta, na vichwa vikatoweka kwenye kurasa zote, kwa kuwa alikuwa ndani ya kiolezo. Programu ilimwonya kwa kumwonyesha orodha ya vitu vitakavyohifadhiwa, lakini onyo lililoandikwa kwa herufi ndogo kando ya kitufe kikubwa husomwa na nani? Tatizo jingine ni mafunzo ya zamani. Video nyingi humwelekeza mtu kwenye kirekebishi, naye akiwa na mandhari ya bloku hakioni kwenye menyu, maana hufichwa, na anadhani tovuti yake ni mbovu. Dawa ninayoitumia ni kumpa mwenye tovuti akaunti mbili: ya mhariri kwa kazi za kila siku, ambayo haifiki kabisa kwenye violezo, na ya msimamizi kwa siku anayotaka kuligusa pindo akiwa na utulivu.

Kuna pia wanaoongeza programu-jalizi (programu ndogo zinazochomekwa ndani ya nyingine) za kujengea kurasa, kama Elementor, ili wapate uburutaji wa Wix ndani ya WordPress. Zinafanya kazi, ila ujue kwamba ukiizima programu-jalizi ya namna hiyo, mpangilio uliojenga kwayo huvunjika, na baadhi huacha ukurasa umejaa mabano ya mraba. Kwa lugha mbili WordPress haina njia yake ya asili. Utahitaji programu-jalizi kama Polylang.

Hapo ndipo Joomla inapoinua mkono. Ilizaliwa mwaka 2005 kutokana na programu iliyoitwa Mambo, na jina lake limetokana na neno letu "jumla" kwa tahajia ya kigeni. Mtu angetarajia iwe nyepesi kwetu kwa udugu huo wa jina, lakini sivyo. Ukurasa hauonekani mpaka uundiwe kipengele cha menyu, na pindo hujengwa kwa moduli, yaani visanduku vidogo vya maudhui, zinazowekwa kwenye nafasi zenye majina. Ili kuziona nafasi hizo unawasha mpangilio fulani kisha unaongeza ?tp=1 mwishoni mwa anwani. Mandhari inayokuja nayo, Cassiopeia, ina chaguo chache za rangi, na zaidi ya hapo unaandika msimbo wa mitindo. Mwenye duka alichoka kabla ya saa moja kuisha.

Hata hivyo Joomla ina mambo mawili yaliyonifanya nisiitupe. La kwanza, lugha nyingi zimo ndani yake bila programu-jalizi, na zimepangwa kwa makini hadi kwenye menyu. Kwa taasisi inayohitaji Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, tuseme madrasa au shirika la wakfu, huo ni mzigo mkubwa uliotuliwa. La pili, moduli hupewa tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo bango la Idi hujitokeza na kujiondoa lenyewe, ijapokuwa mwandamo wa mwezi haujawahi kufuata kalenda ya programu yoyote.

Nyingine nazitaja kwa upesi. Drupal, iliyotoka mwaka 2001, ni ya taasisi yenye fundi wa kudumu, ingawa Januari 2025 ilitoa toleo lililokusudiwa wasio mafundi. Ghost inapendeza na ni nyepesi kwa mwandishi, lakini pindo lake nje ya mipangilio michache linadai kuandika faili za mandhari, na ada za wanachama hukusanywa kwa Stripe, huduma ya malipo ya mtandaoni, si kwa M-Pesa. Hugo na Jekyll ni za wapendao kuandika faili kwa mkono. Mwenye duka la leso hana sababu ya kuzijua.

Kuhusu vifaa, nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini muuzaji wa Kongowea bado hununua bando la siku. Kihariri cha Wix na kile cha tovuti cha WordPress ni vizito kupakia na havifai kwa kioo kidogo. Picha na makala unaweza kubadilisha kwa simu. Kwa pindo, azima kompyuta ya mtoto.

Kwa hiyo, asiye na pesa ya seva na ambaye kazi yake hasa ni kuandika, achukue Blogger, apakue nakala ya mandhari, na asahau lugha ya pili. Anayehitaji tovuti wiki hii, atakayelipa kila mwaka bila kuchoka na asiyekusudia kuhama, Wix itamtosha. Mwenye tovuti ya WordPress ya zamani inayofanya kazi asihamishwe na maneno ya watu. Atumie kirekebishi, na amlipe fundi mara moja tu amtengenezee mandhari-mtoto. Taasisi ya lugha tatu yenye kijana anayeweza kuketi wiki mbili akajifunza, iangalie Joomla. Waliobaki, ambao naamini ndio wengi, wachukue WordPress yenye mandhari ya bloku, mradi wajifunze kwa mafunzo yaliyotoka baada ya mwaka 2022.

Kabla ya kumlipa mwenye seva, kuna WordPress Playground, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari bila kuweka chochote popote, na usipoihifadhi kazi yako hupotea ukifunga ukurasa. Mwenye duka wa Mtaa wa Biashara nilimfungulia hiyo, nikamwambia avunje atakavyo. Alifuta kichwa, akafuta mguu, akageuza kila kitu kuwa rangi ya machungwa, akafunga, akafungua tena akakuta kila kitu kama kilivyokuwa. Mara ya tatu aliandika nambari yake ya till mguuni bila kuniuliza kitu.